Karani na Miswada Yake: Maisha ya Shaaban Robert

Jina la Shaaban Robert si geni masikioni mwa mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Tangu shule ya msingi tunakariri kwamba yeye ndiye Shakespeare wa Afrika Mashariki, sifa ambayo mwandishi wa makala haya hajawahi kuipenda, kwa kuwa humpima mtu wa Tanga kwa kipimo cha watu wengine. Tufikapo chuo kikuu tunaambiwa pia kwamba yeye ndiye baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa, kisha tunapewa swali la mtihani kuhusu istiara katika Kusadikika, tunalijibu, na yeye tunamwacha hapo. Nia ya makala haya si kuhakiki kazi zake. Wahakiki wapo, na wengi wao ni walimu wetu. Nia ni kumtazama mtu mwenyewe: karani wa serikali ya kikoloni ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini aliamka asubuhi akaenda kuandika vitabu vya hesabu za watu wengine, na saa zilizobaki akaandika vitabu vyake, asijue ni vingapi kati ya hivyo vingepigwa chapa.

Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini kidogo mwa mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili na hakuona haja ya kuomba radhi kwa hilo. Jina la Robert, ambalo limewatatiza wasomaji wengi wanaojua kwamba alikuwa Mwislamu, ni jina la babaye. Nchi aliyozaliwa ilikuwa koloni la Wajerumani. Alikuwa na umri wa miaka mitano vita vya Tanga vilipopiganwa mwezi Novemba 1914, na alipofikia umri wa kwenda shule bendera ilikuwa imebadilika, Waingereza ndio watawala. Mtoto aliyeona mabwana wawili wakipokezana nchi kabla hajabaleghe hatushangai kwamba baadaye alitunga hadithi nyingi zenye wafalme, mawaziri na mahakama.

Mnamo 1922 alikwenda Dar es Salaam kusoma katika shule ya Msimbazi, akakaa huko hadi 1926. Katika mtihani wa kumaliza masomo alikuwa wa pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja waliopata cheti. Idadi hiyo ndogo yafaa kukumbukwa. Katika nchi kubwa kama Tanganyika, kijana mwenye cheti kile alikuwa kama lulu, na serikali ilikuwa na kazi moja tu ya kumpa: ukarani. Hapakuwa na chuo kikuu cha kumpokea. Elimu yake rasmi ilikomea hapo. Yote aliyoyajua baadaye, Kiingereza cha kumwezesha kufasiri rubai za Omar Khayyam kutoka tafsiri ya FitzGerald, maarifa ya tenzi za kale, mazoea ya insha, aliyapata kwa kusoma peke yake.

Aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka huo huo wa 1926, akawa karani huko kwa miaka kumi na minane. Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi. Msomaji aliyewahi kufika Pangani atakumbuka mji mdogo ulio kinywani mwa mto, uliokwisha kupoteza biashara yake kubwa ya zamani, wenye minazi mingi na mambo machache. Kazi ya karani wa forodha katika mji wa namna hiyo ni kuhesabu magunia na kuandika ushuru. Haihitaji ubunifu, na pengine hilo lilimfaa, kwani mtu ambaye kazi yake haimli akili hubaki na akili ya kutumia jioni.

Alianza, kama walivyoanza wengi wa rika lake, kwa mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na washairi wa mwambao na wa bara walijibizana humo mwezi baada ya mwezi. Lilikuwa baraza la nchi nzima. Shaaban aliingia katika baraza hilo akajulikana. Lakini gazeti hutupwa, na mshairi wa gazeti hubaki mkononi mwa mhariri. Alichokitaka Shaaban ni kitabu, na zaidi ya hapo, kitabu cha nathari.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ni rahisi kwa kizazi chetu kutoona ugeni wa tamaa hiyo. Katika miaka ya 1930, Mswahili aliyetaka kuwa mshairi alikuwa na karne kadhaa za kumwongoza. Alikuwa na Muyaka wa Mombasa, alikuwa na tenzi za Lamu na Pate. Aliyetaka kuandika riwaya alikuwa na nini? Zilikuwako ngano na hekaya za kusimuliwa usiku. Zilikuwako hadithi za Alfu Lela Ulela zilizofasiriwa, pamoja na tafsiri za hadithi za Kiingereza kama Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizotayarishwa na maofisa wa elimu kwa ajili ya shule. Mwaka 1934 James Mbotela, mzawa wa pwani ya Kenya, alitoa Uhuru wa Watumwa, kitabu chembamba kilicho nusu historia na nusu hadithi. Zaidi ya hapo palikuwa patupu. Shaaban hakuwa na mtangulizi wa kumwiga wala wa kugombana naye. Ndiyo maana hadithi zake ndefu zina sura ya mtu anayejenga nyumba kwa mbao za jahazi: Adili na Nduguze imesimama juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela, Kusadikika ina harufu ya safari za nchi za ajabu, na mahubiri ya msikitini yamo ndani yake pia.

Mlango mwingine ulikuwa na bawabu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili Sanifu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilikuwa na kazi ya kupitia miswada na kuidhinisha vitabu vya kutumiwa shuleni. Kwa kuwa soko la kitabu cha Kiswahili lilikuwa shule, mwandishi aliyekosa idhini alikosa karibu kila kitu. Kamati hiyo kwa miaka yake ya mwanzo iliongozwa na Wazungu, nao ndio walioamua Kiswahili safi ni kipi. Mtu aliyenyonya lugha hii kwa mamaye alipeleka mswada wake usahihishwe na watu walioisoma ukubwani. Baadaye Shaaban mwenyewe aliteuliwa kuwa mjumbe wa Kamati, akawa mjumbe pia katika Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 likiwa na makao yake hapa Nairobi. Lakini alipokuwa kijana alikuwa nje ya mlango huo, akibisha.

Nyumbani nako maisha hayakumpa utulivu. Mke wake Amina alifariki dunia angali kijana, akamwachia watoto wa kulea. Shairi alilomlilia, lenye jina la marehemu, linafundishwa hadi leo, na waalimu huwataka wanafunzi wahesabu vina na mizani yake, jambo ambalo mwandishi wa makala haya amelifanya pia na hana hakika kwamba lilimsaidia kulielewa. Alioa tena mara mbili. Alizaa watoto kumi, na wengi wao aliwazika. Kwa bintiye Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe wa kiume akatunga Utenzi wa Adili. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka mara moja utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858. Tofauti ni kwamba pale mama mgonjwa alimwandikia bintiye, na hapa baba anachukua nafasi ya mama aliyekwisha kuondoka. Wosia wa Mwana Kupona ulihifadhiwa na jamaa kabla haujachapwa. Wosia wa Shaaban aliutia mwenyewe ndani ya kitabu cha maisha yake ili usomwe na kila mtu. Kwake hata mawaidha ya nyumbani yalikuwa mswada.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Shaaban alianza kuvifuatia kwa kalamu. Alitunga utenzi wa vita hivyo, kuanzia 1939 hadi 1945, wenye beti zipatazo elfu tatu. Tufikiri kidogo juu ya hesabu hiyo. Beti elfu tatu ni mishororo elfu kumi na mbili, iliyoandikwa na mtu mwenye kazi ya kutwa, katika miaka ambayo karatasi ilikuwa adimu na wachapishaji wa Ulaya walikuwa na mambo mengine ya kuwashughulisha. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemwahidi kumchapishia. Utenzi huo ulitoka kitabuni mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.

Mwaka 1944 alitoka forodhani akahamishiwa idara ya wanyama, huko Mpwapwa, mbali na bahari. Ni katika miaka hiyo ya kukaa bara ndipo nathari yake ilipokomaa. Kufikirika, hadithi ya mfalme aliyekuwa na kila kitu ila mtoto, aliimaliza mwaka 1946. Mwaka huo huo alirudishwa Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji ardhi mpaka alipoacha utumishi mwishoni mwa muongo huo.

Kufikirika haikuchapwa. Kilichochapwa kwanza ni mashairi, na kilichapwa mahali ambapo hakuna mtu angedhani. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kule Johannesburg, kilikuwa na mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika katika lugha zao, mfululizo uliofunguliwa na mashairi ya Kizulu ya Benedict Vilakazi mwaka 1935. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Pambo la Lugha la Shaaban Robert likatokea katika mfululizo huo. Kitabu cha mashairi ya Kiswahili kikatolewa katika mji usiosema Kiswahili, kisha kikasafirishwa hadi pwani kwa wenyewe. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka karibu arubaini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi kwa muda. Maisha Yangu ilitoka mwaka 1949. Kusadikika ikatolewa na Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze ikatolewa na Macmillan mwaka 1952. Katika miaka mitatu karani wa Tanga akawa mwandishi wa vitabu vinavyosomwa darasani kutoka Mombasa hadi Bukoba. Alipewa tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya heshima ya M.B.E. ya Uingereza. Asubuhi aliendelea kwenda ofisini.

Kusadikika, kama tujuavyo sote, ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote za dunia kutafuta mema ya kuileta nchi yao, nao waliporudi hawakupata shukrani bali mateso. Wahakiki wengi husema kwamba Shaaban aliipandisha nchi hiyo angani kwa kuwaogopa Waingereza. Hoja hiyo ina uzito. Mtumishi wa serikali aliyemwandikia mchapishaji wa Kiingereza, kwa idhini ya kamati ya Kiingereza, asingeweza kuieleza Tanganyika kwa jina lake. Hata hivyo mwandishi wa makala haya hakubali kwamba hofu ndiyo maelezo yote. Mtu mwoga huandika mashairi ya maua. Aliyeketi katika ofisi ya serikali akatunga kesi ambayo mshtakiwa anaishinda serikali kwa hoja tu, na akafaulu kuiingiza kesi hiyo katika shule za serikali iyo hiyo, tumwite jina lingine. Tena Shaaban alizipenda ngano kwa dhati. Angani palikuwa mahali pake pa kwanza pa kuandikia kabla hapajawa maficho.

Ushahidi wa jambo hili ni mwelekeo aliouchukua baadaye, nao ndio sehemu ya maisha yake isiyozungumzwa vya kutosha. Katika Utubora Mkulima ameshuka chini. Mhusika wake ni kijana anayeacha kazi ya biashara Unguja, yenye mshahara mnono, akarudi shambani Busutamu. Kijiji hicho ni cha kubuni, ila Unguja ni Unguja, na vita vilivyokwisha ni vita vile vile tunavyovijua. Katika Siku ya Watenzi Wote tumo Dar es Salaam yenyewe, mjini, miongoni mwa maskini na matajiri. Ni kweli kwamba wahusika wake bado ni wema kupita kiasi, na majina yao bado yanatangaza tabia zao kabla hawajafungua vinywa. Kasoro hizo walimu wetu wamezieleza vya kutosha. Lakini ukizisoma kazi hizi kwa mfuatano, kutoka Kufikirika hadi Siku ya Watenzi Wote, unamwona mtu anayejifundisha riwaya peke yake, hatua kwa hatua, akitoka kwa wafalme wasio na nchi akielekea mtaani.

Katikati ya kazi hizo alitunga kitabu kimoja ambacho kwa maoni yangu ndicho bora katika nathari yake, nacho si hadithi. Ni wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika umaskini, akauza vyungu, akafika Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri, akafariki mwaka 1950. Wasifu huo ulitoka mara ya kwanza mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili. Anapoeleza jinsi binti wa mkulima, asiye na sura ya kusifiwa wala nasaba ya kutajwa, alivyofika mbali kwa kipaji na juhudi, kalamu ya Shaaban inachangamka kuliko kawaida. Alilijua jambo alilokuwa akilisema.

Tatizo la uchapishaji halikumwacha. Kati ya mwandishi na msomaji palikuwa na Kamati, Shirika, na makampuni yaliyokuwa ng'ambo, na kila mmoja alikuwa na muda wake na masharti yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Shaaban aliamua kujichapishia mwenyewe hapo hapo Tanga, na baadhi ya vitabu vyake vya insha na masomo vilitoka kwa njia hiyo. Kwa mtu aliyeishi kwa mshahara wa karani na aliyekuwa na jamaa wengi wa kuwatunza, hilo halikuwa jambo dogo. Sisi wanachama wa chama hiki, ambao karibu kila mmoja ana mswada wa riwaya aliouficha chini ya godoro la bweni au katika kompyuta ya mtu mwingine, tunalalamika sana kuhusu wachapishaji. Tuendelee kulalamika, ila tujue tunapokezana malalamiko ya zamani.

Alipotimiza miaka hamsini aliandika sehemu ya pili ya maisha yake, Baada ya Miaka Hamsini. Alikuwa mwanachama wa harakati za siasa tangu zama za TAA, na uhuru wa Tanganyika aliuona kwa macho yake tarehe 9 Desemba 1961. Hakupata nafasi ya kuuishi. Alifariki mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, akazikwa Machui, karibu na alikozaliwa. Nchi huru ilikuwa na umri wa miezi sita.

Miswada ilibaki. Kufikirika ilitolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1967, miaka ishirini na mmoja baada ya kuandikwa. Mwaka uliofuata Nelson wakatoa Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Kwa hiyo, tukitoa Kusadikika na Adili na Nduguze, hadithi zake ndefu zilifika mikononi mwa wasomaji akiwa kaburini, na kizazi kilichozipokea kilikuwa kimekwisha kupata bendera yake, kikizisoma kama kazi za zamani ilhali zilikuwa zimetoka jana. Miaka michache baadaye, mwaka 1971, Kezilahabi akatoa Rosa Mistika, na riwaya ya Kiswahili ikachukua njia nyingine. Mtu hujiuliza Shaaban, ambaye angekuwa na miaka sitini na miwili tu, angekisemaje kitabu kile. Nadhani kingemuudhi, na angekisoma hadi mwisho.

Kuna hazina nyingine ambayo hakuikusudia kuwa kitabu. Tangu 1931 hadi 1958 alikuwa akimwandikia barua ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi na ndiye aliyetunga Nguzo ya Maji. Ni barua za kawaida za ndugu kwa ndugu: habari za jamaa, fedha, magonjwa, uhamisho wa kazi, na baina ya hayo, vitabu. Yusuf hakuzitupa. Alizihifadhi kwa miaka mingi, hadi zilipochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam katika miaka ya 2000, kwa uhariri wa Profesa Mulokozi. Nakala yake imo katika maktaba yetu, rafu ya chini, na kwa mujibu wa kikaratasi kilichobandikwa ndani ya jalada, mtu wa mwisho kuiazima kabla yangu aliirudisha ikiwa imechelewa kwa miezi minne.